Bunduki ya Kulindia Mbuzi

Bunduki tuliinunua kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi tuliwafuga kwa sababu nilikuwa nimechoka kula nyama ya dukani iliyogandishwa hadi ikasahau ilikuwa ya mnyama gani. Sina sababu nyingine ya maana. Mimi ni Mkenya, muuguzi katika hospitali moja hapa Louisville, nina mke na mabinti wawili wanaonijibu kwa Kiingereza hata nikiwasalimia kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi sasa sikumbuki mtu huhisi vipi akiamka bila uchovu. Mtu wa namna hiyo hana haja ya mifugo. Lakini nilikuwa na rafiki, na rafiki huyo ndiye aliyenivuta kando siku moja baada ya ibada akaniambia kuna mzungu mzee ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, anayekodisha malisho yake kwa kuwa magoti yamemgomea.

Rafiki yangu ni Mkongo wa upande wa Uvira, amenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Sote kanisani tunamwita Baba Mapasa, kwa maana watoto wake wa kwanza ni mapacha, na kwao mtu akizaa mapacha jina lake la zamani linaishia hapo. Yeye huniita Dokta. Nimemweleza mara nyingi kwamba muuguzi si daktari; hutikisa kichwa kukubali, kisha huniita Dokta tena. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo South End, anainua makatoni kutwa nzima, na akishuka garini hushikilia mlango kwanza hadi mgongo umpe ruhusa. Zamani alikaa Buffalo, ambako ndiko walikopelekwa yeye na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Aliivumilia theluji ya kule miaka kadhaa, halafu akasikia kwamba Louisville kuna kazi na baridi yake ina huruma kidogo.

Tulianza na mbuzi kumi na wawili. Wakazaana. Jumamosi Wakongo walikuja kuchagua wa harusi, Wakenya walikuja kuchagua wa kuchoma, na kila mmoja aliondoka akilalamika kwamba mbuzi wa Marekani wana mafuta mengi. Nilipenda kukaa pale langoni bila kufanya kitu. Hospitalini hakuna mahali pa kukaa bila kufanya kitu.

Kisha koyote wakaanza. Koyote ni mbweha wa huku, mkubwa kuliko yule wa kwetu, mwembamba miguu, anatembea na mambo yake bila haraka. Majira ya kuchipua, mbuzi walipozaa, Baba Mapasa akawa kila asubuhi anakuta mbuzi mama mmoja anazunguka uwanjani akiita. Hakukuwa na damu nyingi. Kitoto hakipo, basi. Halafu nguruwe mwitu nao wakapanda kutoka kwenye kijito, wakalima chini ya ua kana kwamba wameajiriwa, na mashimo yao yakawa milango ya koyote. Mzee mwenye shamba alituazima punda, akisema punda huchukia mbweha. Punda akawa anakula chakula cha mbuzi, koyote wakawa wanakula mbuzi, kila mtu na riziki yake.

"Hamtaki punda," mzee akatuambia mwishowe. "Mnataka bunduki." Akaeleza ni ya aina gani: ile inayojipakia yenyewe, ukifyatua risasi moja nyingine inapanda mahali pake, kwa kuwa nguruwe huja kundi zima na koyote hangoji ujipange mara ya pili. Na risasi iwe nene, alisema, nguruwe ana ngao ya mafuta na gegedu begani.

Niliinunua mimi. Baba Mapasa tulikwenda naye hadi dukani, lakini hakuingia. Alibaki kwenye maegesho amesimama karibu na vitoroli. "Weye nunua, Dokta," aliniambia. "Miye nitanunua waya ya ua." Nilidhani anaogopa Kiingereza cha muuzaji. Nilikuwa na mazoea hayo, ya kudhani najua anachoogopa.

Hapa lazima niseme habari ya fomu, kwa maana mambo haya mawili yalikwenda pamoja msimu huo. Baba Mapasa alikuwa akiomba uraia. Hakuutaka kwa ajili ya bendera wala kura. Mama yake yuko Uvira, amezeeka, macho yamefifia, anaishi chumba kimoja kwa jirani. Mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi, anaweza kumwombea mke na watoto waje. Kumwombea mama hawezi. Ni raia tu anayeweza. Kila Jumapili mama alimwuliza kwenye simu, "Ni lini?" naye alijibu, "Karibu, mama." Mimi ndiye niliyejaza fomu yake, kama nilivyowajazia nusu ya watu kanisani, bure, kwa kuwa nimesoma na sijui kusema hapana. Nikaijaza, nikatia sahihi mahali pa aliyesaidia kujaza, ikaenda. Tarehe ya mahojiano ilikuwa imeshakuja.

Sasa bunduki. Nilikuwa nimetazama video za kuiandaa hadi mke wangu akaniuliza kama nahamia jeshini. Jumamosi moja nikatoka zamu asubuhi, nikampitia Baba Mapasa, tukavuka daraja. Nilitandika shuka kuukuu nyuma ya gari, nikapanga vitu: bunduki yenyewe, nyeusi, nyepesi kuliko nilivyotarajia, darubini na pete zake mbili za kuishikilia, miguu miwili ya kukunja ya kusimamishia mtutu, pima maji ndogo, spana ya kukazia skrubu kwa kipimo, viziba masikio, risasi. Baba Mapasa alikwenda kuegemea lango la malisho akanipa mgongo, anahesabu mbuzi.

Darubini ina mambo yake. Ukiifunga mbele sana, unaona duara jeusi na kijitundu cha mwanga katikati. Ukiifunga nyuma sana, bunduki ikirudi nyuma inakupasua nyusi. Inabidi ulale kama utakavyolala siku yenyewe, shavu juu ya kitako, ufumbe macho, uyafumbue, na ukiona picha nzima bila kuinyoosha shingo, basi hapo ndipo pake. Halafu uuweke sawa ule msalaba wa ndani kwa pima maji, kwani ukiinama hata kidogo, risasi ya mbali inakwenda pembeni. Halafu skrubu, moja moja, kidogo kidogo, kwa kupishana, kama nati za gurudumu. Nilipenda kazi hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kushika kitu kisicholia kwa maumivu.

Baada ya hapo nikaitoa boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, nikachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi nikaiona karatasi ya shabaha niliyoibandika kwenye robota la nyasi, yadi ishirini na tano, nikageuza vitufe vya darubini mpaka nayo itazame palepale. Hiyo ni ya kuhakikisha kwamba risasi ya kwanza itaangukia karatasini angalau. Nikarudisha boliti. Nikasogeza robota hadi yadi hamsini, umbali ambao koyote hupita kutoka kijitoni. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, mimi baba mzima na suruali ya hospitali, nikafyatua.

Mbuzi wote walikimbilia kona ya mbali. Punda hakuinua hata sikio. Nilifyatua tatu, nikaenda kuangalia: zimekusanyika vizuri, lakini chini, kushoto. Nikageuza kitufe cha darubini, kikalia tik tik tik, nikarudi kulala. Tatu nyingine zikaenda chini zaidi. Nilikuwa nimegeuza upande usio wake. Nikaanza kupandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyekesha kazini, inayotafuta wa kumwangukia. Nikageuza tena, nikafyatua, na safari hii bunduki ikakwama. Ganda la risasi lilikuwa limesimama mlangoni, halitoki wala halirudi. Nikapiga magoti, nikaanza kulivuta kwa kidole, huku nimeielekeza bunduki nisikokujua.

"Dokta. Iangalishe chini."

Sikuitambua sauti hiyo. Baba Mapasa ni mtu wa sauti ya kuomba radhi. Hata akidai chumvi mezani hudai kama amekosa. Hii ilikuwa sauti ya mtu ambaye hutakiwi kumwuliza kwa nini. Nikaiangalisha chini. Akaja, mkono mbele.

"Bon. Leta."

Nikampa. Alitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, kabla sijaona kidole chake kilipobonyeza. Akaivuta boliti, akaigonga kitako chini mara moja, ganda likaruka. Akatia kidole cha mwisho ndani ya chumba cha risasi kuhakikisha ni kitupu, akarudisha magazini, akaipiga kwa kiganja. Na muda wote huo hakuitazama. Alikuwa akiwatazama mbuzi. Mikono ilifanya kazi yenyewe, kama ya mama anayesuka nywele huku akizungumza na jirani. Kisha akageuza kitufe cha darubini, upande ule wa sahihi, akaketi chini, hakulala, akaweka viwiko juu ya magoti na kufyatua tatu, bila haraka, kila moja na pumzi yake. Tundu zote tatu ningezifunika kwa kizibo cha soda.

"Sasa iko sawa," alisema. Akailaza bunduki kwenye shuka. "Usinipatie tena."

Akaenda kwenye hori la maji la mbuzi, akanawa mikono hadi viwikoni, akaifuta kwenye suruali, akanawa tena.

Nilimngoja arudi. Nilijua tayari, mwili ulijua, lakini nilimwuliza kwa upole wa kijinga, "Ulijifunzia wapi?"

"Batu ya bunduki balinikamata niko na miaka kumi na tatu," alisema. "Nilikuwa natoka ku masomo. Kwanza balitubebesha mizigo, kiisha bakatupatia hizi. Hii haiko ile ile, lakini ziko ndugu. Miezi nane. Nikatoroka siku ya mvua."

Nilimwambia pole. Nilimwambia kwa dhati, niliona yule mtoto. Lakini kichwa changu, nakiri, kilikuwa kimeshamwacha mtoto porini na kwenda kwenye fomu. Katika fomu ya uraia kuna kurasa za maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kuwa katika kundi lenye silaha? Umewahi kufundishwa kutumia bunduki? Nilijua majibu yaliyoandikwa, kwa sababu niliyaandika mimi. Hapana. Hapana. Hapana hadi chini.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimfokea. Nilimfokea mtu mzima mwenye mikono iliyolowa.

"Haukuniuliza, Dokta."

"Na kule kambini? Hukuwaambia maofisa, sivyo?" Nilikuwa bado na tumaini bovu kwamba alificha tangu mwanzo, kwa hiyo makaratasi yote yanakubaliana, uongo na uongo.

"Nilibaambia! Mara tatu. Wa kwanza akaandika, wa pili akaandika. Yule Muamerika wa mwisho akaniuliza tena, nikamwambia tena, na kulia nililia. Batu ku kambi balinikataza. Balisema, nyamaza, batakukatalia. Donc, nikasema, kama bananikatalia, banikatalie na ukweli." Akanitazama. "Iko mubaya?"

Nikaketi juu ya robota. Huyu mtu alikuwa ameipitisha kweli yake mbele ya maofisa watatu ikasalimika, wakaamini kwamba alikuwa mtoto aliyeshikwa kwa nguvu, wakampa ndege. Na mimi, msomi, mwenye kalamu, nilikuwa nimemwandika mwongo.

Nilikuwa na sababu zangu, nami nitazisema, ingawa hazinisaidii. Maswali yale hayaulizwi kwa heshima. Siku ile ya kujaza nilikuwa nyumbani kwake, mkewe ananimiminia chai, mapacha wanapita. Umewahi kuua mtu? Umewahi kumtesa mtu? Umewahi kuwa kahaba? Umewahi kuwa mlevi kupindukia? Ningeyauliza vipi kwa mtu aliyenizidi umri, mbele ya mama watoto wake? Kwetu hata mchungaji hangethubutu. Nikamwambia, haya ya mwisho ni mambo ya wahalifu, si yako, nikajaza hapana zote kwa mfululizo, naye akacheka kwa adabu na kuniongezea chai. Niliona nimemstahi.

Siku ya mahojiano ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikamwuliza kama ana karatasi yoyote ya maneno aliyosema kambini. Akasema nakala iko Buffalo, kwa dada yake mkubwa, maana huyo ndiye anayetunza karatasi za ukoo mzima.

"Amwambie mtu aipige picha," nikasema.

"Dada yangu hatoaki karatasi kwa simu. Utaenda mwenyewe."

Kwa hiyo tukaenda wenyewe. Tuliondoka alfajiri, nikachukua siku mbili za likizo nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kulala. Barabara inapita Columbus, na Columbus ndiko nilikosoma, kwa hiyo tulisimama kujaza mafuta karibu na mtaa nilioishi. Jengo letu bado lipo, limepakwa rangi mpya mbaya. Humo ndimo Mkenya mwenzangu, aliyetangulia kuja, alimoketi nami kitandani miaka hiyo na fomu yangu mapajani, akaniambia, "Hizi za mwisho jaza No zote, usisumbue akili. Kila mtu hujaza No." Na kwangu ilikuwa kweli, sikuwahi kufanya lolote la kuandikwa. Nikaibeba kanuni hiyo nikawapa wengine, wengi mno, na pale kwenye pampu ya mafuta nilianza kuwahesabu kwa sura, huyu na huyu na yule mama wa kwaya. Sijui wangejibu nini. Sikumwuliza hata mmoja.

Baba Mapasa alilala karibu safari nzima. Nilimwonea wivu.

Dada yake anakaa Black Rock, mtaa wa Buffalo, nyumba ya mbao ya ghorofa moja karibu na mto, waliyoinunua kwa kuchanga. Alitulisha kwanza. Fufu, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa ndakala waliokaangwa hadi wakauma meno. Hakuna kusema neno la karatasi kabla ya kunawa. Kisha akaleta begi la shule la mtoto, la rangi ya waridi, akalifungua kwenye meza, akatoa bahasha moja baada ya nyingine hadi akaipata. Akampa ndugu yake, hakunipa mimi.

"Miye nilisikia ile ya fomu," akaniambia. "Bakenya munasoma sana. Lakini hamuulizaki."

Nilisema, "Kweli, dada." Akaniongezea fufu nami sikuthubutu kukataa.

Karatasi ilikuwa na kurasa nne. Nilizisoma nikiwa nimesimama dirishani. Mambo aliyoniambia shambani yalikuwamo, na mengine ambayo hakuniambia, na sitayaandika hapa. Niliikunja vizuri. Nilipanga la kufanya: siku ya mahojiano ataingia na nakala hii, atasema mapema kabla hajaulizwa kwamba fomu ina kosa, kwamba aliyesaidia kujaza hakumsomea maswali hayo. Tukalifanyia mazoezi kwa Kiingereza njia nzima ya kurudi. "The helper did not ask me." Aliitamka vizuri. Kufika Columbus alikuwa anaitamka vizuri kuliko mimi.

Siku yenyewe nilimngoja garini, nikalala na mdomo wazi. Aliponigongea kioo alikuwa amefungua tai. Nikamwuliza wamesemaje, akasema ofisa alikuwa mama mpole, akachukua karatasi, watatuma barua. Nikamwuliza kama alisema ile sentensi. Akasema, "Nilisema yote, Dokta. Twende, nina zamu."

Majira ya joto yakapita. Waya wa ua tuliuzika chini zaidi, nguruwe wakapungua. Asubuhi moja ya Jumapili koyote alipita kutoka kijitoni, peke yake, nikalala mahali pangu na kumfyatulia, akaanguka palepale. Bunduki ilipiga nilipoiambia. Nilimtazama, manyoya yake yalikuwa mazuri, na sikuona fahari yoyote; nilitamani kitanda tu. Baba Mapasa alimzika bila kuigusa bunduki.

Barua ilikuja vuli. Aliileta malishoni bila kuifungua, kwani barua zote za serikali huniletea mimi nizifungue. Nikaichana juu ya boneti ya gari. Mwanzo ulikuwa wa adabu. Ombi limekataliwa. Nikashuka na macho kutafuta sababu, nikaikuta, nikaisoma mara mbili. Barua ilisema kwamba mwombaji, alipoulizwa juu ya majibu yake, alieleza kuwa msaidizi wake alimsomea kila swali kwa lugha anayoielewa, na kwamba yeye mwenyewe, kwa hiari, alimpa msaidizi jibu la uongo kwa sababu ya aibu.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Inasema nilikuuliza."

Akajishughulisha na kitasa cha lango.

"Kwa nini, Baba Mapasa? Tulifanya mazoezi. Siku nzima ya Mungu tulifanya mazoezi."

"Yule mama ofisa aliangalia ile sahihi yako," akasema. "Akaniuliza, huyu anafanya kazi gani? Nikasema hospitali. Akasema, aliweka sahihi ya kusema alikuuliza yote. Kama haikuwa kweli, iko kosa ya sheria. Akaandika jina yako ku karatasi ya pembeni. Bon. Nikaona leseni yako, nikaona na babinti yako. Nikamwambia uliniuliza, miye nilikudanganya."

Mtu aliyekataa kudanganya kambini, wakati uongo ndio ulioonekana kuwa mlango, alikuwa amedanganya kwa ajili yangu. Na ulikuwa uongo mzuri, umeaminika mara moja.

Nikamwambia nitakwenda kesho yake kuwaeleza. Nilimaanisha, wakati ule nikisema. Yeye akaniambia nisiwe mtoto. Kama nikifukuzwa kazi na kushtakiwa, yeye atapata nini? Kusema sasa kwamba alidanganya tena ni kumwongezea kosa. "Na mama?" nikamwuliza. "Mama alishangoja vita nyingi kupita," akasema. "Atangoja na hii." Halafu akaingia kwa mbuzi.

Sikwenda. Kesho yake nilikuwa na zamu, na keshokutwa, na wiki iliyofuata nikajiambia yuko sahihi, nikienda nitamharibia. Huenda ni kweli. Lakini najua pia kwamba alipoeleza sababu zake nilisikia mzigo ukinishuka mabegani, nikalala usingizi mzuri usiku huo, na usingizi huo ndio ninaouonea haya hadi leo. Mama bado anauliza kila Jumapili. Sasa Baba Mapasa hutoka nje ya kanisa kupokea simu, nami hujifanya natafuta gari langu.

Juzi alikuja kwangu baada ya ibada na fomu mpya. Muda wa kungoja baada ya kukataliwa umekwisha, anaweza kuomba tena. Nilimwambia amtafute wakili. Akasema wakili hamjui, mimi ananijua. Tukaketi mezani, mke wangu akawapeleka mabinti jikoni. Safari hii nilimsomea kila swali, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, neno kwa neno, yale ya kuua na yale ya kutesa. Nilipofika kwenye ukahaba alicheka hadi akafuta macho, akajibu hapana. Kundi la silaha, ndiyo. Mafunzo ya bunduki, ndiyo. Alijibu ameketi wima, na mimi niliandika anachosema tu.

Kisha nikafika kwenye swali moja ambalo, kusema kweli, sikuwahi kulisoma hata kwenye fomu yangu mwenyewe. Nililitafsiri polepole: je, umewahi kumpa ofisa yeyote wa serikali ya Marekani habari za uongo?

Nikangoja. Aliniangalia bila ukali wowote, kisha akaisukuma fomu juu ya meza hadi ikanigusa mkono.

"Ile, Dokta," alisema, "ujibu weye."